Shahada iache nyumbani, huku tunakata upepo!

Kama bado unadhani baiskeli ni chombo cha muuza samaki na muuza mkaa peke yao, ndugu yangu amka, kumekucha. Siku hizi ukimwona mtu mzima kavaa kaptura ya kubana, kofia ngumu kichwani, kainamia usukani kama anatafuta shilingi iliyomdondoka, usikimbilie kumcheka. Huenda huyo ni daktari aliyetoka zamu ya usiku. Huenda ni mhadhiri wa chuo kikuu ambaye kesho asubuhi atakusahihishia mtihani wako. Na huenda, sikufichi, huko mbele akawa bingwa wa dunia.

Unabisha? Basi kaa kitako nikupe kisa, na usinikatishe.

MWANAHESABU AWATOA NISHAI MABINGWA

Ilikuwa tarehe 25 Julai 2021, kule Japani, siku ya mbio za barabarani za wanawake katika ile Olimpiki ya Tokyo iliyocheleweshwa mwaka mzima na korona. Kilometa 137, joto, milima, na mwisho wake ndani ya uwanja wa mbio za magari wa Fuji. Waholanzi walikuja na wanawake wanne, na wote wanne moto wa kuotea mbali: Annemiek van Vleuten, Anna van der Breggen, Marianne Vos na Demi Vollering. Siku hiyo ukimuuliza mtu nani atashinda, naye anakuuliza: "Una maana Mholanzi yupi?"

Austria ilileta mtu mmoja tu kwenye mbio hizo. Jina lake Anna Kiesenhofer, umri miaka 30. Timu ya kulipwa hana. Kocha hana. Kazi yake ni hesabu. Si hesabu za dukani hizi zetu, hapana. Huyu binti alisomea hesabu Vienna, akaenda Cambridge, akachukua udaktari wa falsafa Barcelona mwaka 2016, halafu akawa mtafiti na mwalimu wa hesabu kwenye chuo kikuu cha ufundi cha Lausanne, Uswisi. Utafiti wenyewe nikianza kukueleza hapa, mhariri ataninyang'anya kalamu.

Basi bwana, bendera ya kuanzia kushuka tu, bibie huyo! Akachomoka. Wakamfuata wenzake wanne, na wawili kati yao ni dada zetu wa Afrika: Carla Oberholzer wa Afrika Kusini na Vera Looser wa Namibia. Vigogo kule nyuma wakatazamana, wakacheka kimoyomoyo. Waacheni wajichoshe, tutawaokota njiani.

Kweli wakaokotwa, mmoja baada ya mwingine. Lakini mwanahesabu hakuokotwa. Zikiwa zimebaki kilometa kama 40 akabaki peke yake mbele. Kule nyuma, walipowanasa wale wawili wa mwisho aliokuwa amewaacha, wakubwa wakaamini kazi imekwisha. Kwenye Olimpiki hairuhusiwi kuvaa redio ya sikioni ya kuambiwa nani yuko wapi. Hivyo Van Vleuten akachomoka, akafika mwisho, akainua mikono juu kwa furaha, dhahabu hiyo! Masikini, kumbe mwenzake alishafika zamani, sekunde 75 zilizopita. Mholanzi akaambulia fedha, na Mtaliano Elisa Longo Borghini akachukua shaba.

Austria haikuwa imepata dhahabu ya Olimpiki ya baiskeli tangu mwaka 1896. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

ALISHINDA PEKE YAKE, LAKINI HAKUANZA PEKE YAKE

Magazeti ya dunia nzima yakaandika kwamba huyu alishinda peke yake. Ni kweli. Alijipangia mwenyewe mazoezi, chakula, na hata namna ya kuuzoesha mwili joto la Japani. Lakini mimi kichwani mwangu lilibaki swali moja: sawa, lakini siku ya kwanza kabisa nani alimwonyesha mlango? Maana mtu haamki tu kutoka kwenye vitabu akajikuta kwenye mashindano.

Ukifuatilia maisha yake jibu linakuja. Huyu dada alianza na michezo ya kuchanganya, kuogelea, baiskeli na mbio za miguu. Akaumia, kukimbia kukamshinda, mwaka 2014 akahamia kwenye baiskeli moja kwa moja. Alikuwa mwanafunzi kule Catalonia, na huko akaingia kwenye timu ndogo ya palepale. Haikuwa timu ya matangazo na mabasi ya viyoyozi. Humo ndimo alimojifunza mashindano, na mwaka 2016 akashinda hatua moja ya mbio za Ardèche kule Ufaransa, kwenye mlima Ventoux unaoogopwa na wanaume na masharubu yao. Mwaka 2017 akaingia timu kubwa ya kulipwa. Hakudumu. Alipokuja kutwaa dhahabu, alikuwa ni mtu wa kujitegemea tena.

Umeona hapo? Timu kubwa haikumfaa, ila timu ndogo ilimfungulia njia. Na si yeye tu, maana ukichimba historia za wasomi na wageni wa mchezo huu, mara nyingi unaikuta klabu ya mtaani, au ya chuoni, au watu kumi tu wanaokutana Jumapili alfajiri.

KLABU NI MNYAMA GANI?

Waingereza ndio waliolifanya jambo hili kuwa kama ibada. Katika miaka ya 1890 chama chao cha baiskeli kilipiga marufuku kushindana barabarani, kikiogopa kugombana na polisi na wenye magari ya farasi. Unadhani wapenda baiskeli waliacha? Wapi! Wakabuni ujanja. Badala ya kuondoka kundi zima, kila mtu anaondoka peke yake, dakika moja nyuma ya mwenzake, na mzee mmoja anasimama na saa mkononi. Wakavaa nguo nyeusi gubigubi, wakaanza alfajiri, na njia wakazipa majina ya siri ili askari asijue wapo wapi. Ilikuwa kama wanaiba, kumbe wanafanya mazoezi tu.

Marufuku imekwisha, ila mtindo umebaki mpaka leo. Kwenye miji mingi ya kule, jioni moja ya wiki wakati wa kiangazi, klabu inaandaa mbio za maili 10, yaani kilometa 16. Unafika na baiskeli yako, unaandikwa, unapewa namba ya mgongoni, unaondoka peke yako. Hakuna wa kukuzomea kwamba umeachwa, kwa sababu kila mtu yuko peke yake. Unashindana na saa. Wiki hii umetumia dakika 33, wiki ijayo unataka 32. Ushamba unakutoka pole pole, ugonjwa wa mashindano unaingia pole pole.

Huko ndiko alikotokea mama mmoja anaitwa Beryl Burton. Utotoni aliugua vibaya, akalazwa miezi mingi, na madaktari wakamwonya asijichoshe. Akaolewa na Charlie, mpenda baiskeli, ambaye alimtia kwenye mchezo na kwenye klabu yao ya Morley, kaskazini mwa Uingereza. Klabu ya watu wa kawaida kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa kibarua kwenye shamba la mboga la mwanachama mwenzake.

Huyo kibarua akatwaa ubingwa wa dunia mara saba. Mwaka 1967, kwenye mbio za saa 12, aliwafuata wanaume walioanza mbele yake, akawapita mmoja mmoja mpaka akamfikia aliyekuwa anaongoza, Mike McNamara, ambaye siku hiyo hiyo alikuwa anavunja rekodi ya wanaume. Alipomfikia akatoa pipi mfukoni, akampa! Jamaa akaipokea, akashukuru, akabaki anautazama mgongo wa mwanamke ukiyoyoma. Mama alimaliza na maili 277 na robo, sawa na kilometa 446 hivi, zaidi ya rekodi mpya ya wanaume. Rekodi yake ya wanawake ilidumu mpaka mwaka 2017. Pipi hiyo jamani!

WASOMI WANATAFUTA NINI HUMU?

Mtu atauliza: kibarua naelewa, amezoea kazi nzito, lakini msomi anatafuta nini kwenye jasho? Mtu ana ofisi, ana kiti cha kuzunguka, ana mwanafunzi wa kumbebea vitabu!

Mtazame Emma Pooley, Mwingereza. Alikuwa anasomea uhandisi Cambridge, mwenyewe mkimbiaji wa miguu. Akaumia, akaanza kupanda baiskeli akiwa hapo hapo chuoni. Mwaka 2008 akapata fedha ya Olimpiki mjini Beijing katika mbio za kushindana na saa. Mwaka 2010 akawa bingwa wa dunia. Na shule hakuiacha, alichukua udaktari wa falsafa Zurich katika uhandisi wa mambo ya udongo.

Mtazame Marlen Reusser wa Uswisi. Huyu ni daktari wa tiba, wa sindano na dawa. Mashindano aliyaanza mwaka 2017, umri umeshapita miaka 25, wakati ambao wengine wanaambiwa wamezeeka. Mwaka 2021 akachukua fedha ya Olimpiki. Na mwaka 2025, tarehe 21 Septemba, akatwaa ubingwa wa dunia wa kushindana na saa. Wapi? Hapa jirani, Kigali, Rwanda! Mara ya kwanza mashindano ya dunia ya barabarani kuletwa Afrika, na dhahabu ya kinamama ya siku ya kwanza ikavaliwa na daktari aliyechelewa kuanza.

Mimi nimelifikiria sana jambo hili, na nina maoni yangu. Ni kweli msomi anapenda namba, na baiskeli imejaa namba: mwendo, upepo, uzito, mapigo ya moyo. Hiyo ni sababu moja. Lakini iko kubwa zaidi. Msomi wiki nzima yeye ndiye anayejua. Anaitwa Dokta, anaitwa Profesa, akikohoa darasa linaandika. Klabuni hakuna anayemwuliza wewe ni nani. Anayejua ni yule anayejua, hata kama elimu yake imeishia darasa la saba. Msomi anavuliwa joho, anakuwa mwanafunzi upya, na mwanafunzi yeyote anatamani kufanya mtihani. Mtihani wa klabu ndiyo mashindano.

Na mgeni asiye na cheo chochote anapata kitu hicho hicho kwa upande wa pili. Yeye anagundua kwamba yule Profesa naye anahema. Basi anajiambia: kumbe hata mimi naweza.

MEZA YA CHAI, BARABARA YA BAGAMOYO

Usidhani nakuletea hadithi za mbali tu. Jumapili moja nilikuwa kwenye kibanda cha chai pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, saa moja asubuhi. Wakaja waendesha baiskeli kama kumi na wawili hivi, jasho linawatiririka, wakaziegemeza baiskeli ukutani. Nikajisogeza na kikombe changu nisikie stori.

Kiongozi wao mzee mmoja fundi baiskeli, vidole vyeusi kwa grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Baiskeli yake ya zamani, rangi imechubuka, lakini mnyororo unang'aa kama mkufu wa bibi harusi. Pembeni yake mhadhiri, mtu mnene kidogo, miwani imejaa mvuke. Fundi akaanza kumpa somo mbele za watu.

"Dokta, ile gia uliyokuwa unatumia nzito, utaua magoti."

"Hata kwenye tambarare, fundi?"

"Hata tambarare. Shusha mbili. Zungusha miguu iwe myepesi, usikanyage kama unakamua alizeti."

Dokta akaitikia kwa kichwa, akachukua simu, akaandika! Nikajisemea moyoni, haya ndiyo mambo ninayoyataka.

Chapati zikawa tayari, chai ikawa tayari, lakini hakuna aliyegusa. Nikashangaa. Kumbe kuna mmoja alikuwa hajafika. Baada ya dakika kama saba hivi akatokea binti mwembamba, mwanafunzi wa chuo, kwenye baiskeli ya kuazima iliyomzidi kimo. Uso mwekundu kwa vumbi na aibu. Wote wakapiga makofi, si ya kumcheka, ya kumpokea.

"Shikamoo mzee. Nimewachelewesha," binti akasema.

"Marahaba mwanangu. Hujatuchelewesha, chai ilikuwa ya moto. Kaa. Tukirudi utakaa nyuma yangu, nikukatie upepo. Lakini usilikazie macho tairi langu, ukilikazia litakulaza chini. Nitazame mgongo, uone na kule mbele."

Hapo ndipo penye siri ya mchezo wote, msomaji wangu. Anayekaa nyuma ya mwenzake, karibu kabisa, anaokoa nguvu, wataalamu wanasema hata kufikia theluthi moja, kwa sababu wa mbele ndiye anayepigwa na upepo. Ila kukaa pale kunataka moyo. Wa mbele akifunga breki ghafla, mmelala wote. Kwa hiyo kabla hujajifunza kukanyaga, unajifunza kumwamini mtu. Na wa mbele naye anajifunza kwamba kuna roho ya mtu nyuma yake: anaonyesha shimo kwa kidole, anapaza sauti gari likija.

Wakati wanamaliza chai, fundi akachomoa daftari.

"Mwezi ujao tunafanya mbio zetu wenyewe, za kujipima tu. Nikuandike?"

Binti akacheka, akaficha uso. "Mimi tena, mzee? Si nitakuwa wa mwisho."

"Wa mwisho naye anapewa namba."

Binti akanyamaza kidogo, akageuka kumtazama Dokta. Dokta akanyoosha kidole. "Mimi nilikuwa wa mwisho mara tatu. Andika jina, usiniachie kazi hiyo peke yangu." Wakaangua kicheko. Jina likaandikwa.

RASTA WA KIKUYU NA MVULANA WA KIZUNGU

Wapo watakaosema, huyo binti na daftari hilo watafika wapi? Nakujibu kwa kisa cha jirani zetu wa Kenya.

Nje kidogo ya Nairobi, upande wa Kikuyu, kuna mtaa unaitwa Mai-a-Ihii. Hapo anaishi rasta mmoja mwendesha baiskeli, David Kinjah, aliyeichezea Kenya kwenye mashindano ya kimataifa. Nyumbani kwake akafungua milango kwa vijana wa mtaani na kuwafundisha baiskeli: kuiendesha, kuifungua, kuisafisha, kuifunga tena. Klabu yao ikajulikana kwa jina la Safari Simbaz.

Siku moja mama mmoja Mzungu akamletea mwanawe, mvulana mwembamba aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Mtoto hakuwa na lolote la kutisha. Akachanganywa na wenzake, akapanda nao milima, akala nao vumbi, na Kinjah hakumpa kiti cha mbele kwa sababu ya rangi yake. Jina la mvulana huyo Chris Froome. Baadaye alitwaa Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Sasa usinielewe vibaya. Siyo kila kijana wa Kinjah atakuwa Froome, na hesabu ya klabu haipigwi hivyo. Wengi wanatoka pale na ufundi mkononi, na nidhamu, na jina la kuitwa. Lakini tazama mpangilio wenyewe: rasta wa nyumba ya kawaida ndiye mwalimu, mtoto wa Kizungu ndiye mwanafunzi. Ni yale yale ya fundi na Dokta.

TUSIJE TUKAUFUNGA MLANGO

Ndiyo maana roho inaniuma nikiona mambo fulani yanavyoanza kujipenyeza hapa mjini kwetu.

La kwanza ni kuuza sura. Kuna vikundi ukifika na baiskeli yako ya kawaida unatazamwa kuanzia tairi hadi kofia. Mtu ana baiskeli yenye bei ya kiwanja Chanika, basi anadhani na miguu imepanda bei. Wanaondoka kwa kasi kilometa ya kwanza, mgeni anaachwa kwenye mataa, na Jumapili inayofuata harudi. Mnajiita klabu, kumbe ni kamati ya harusi. Mgeni mmoja mkimwacha leo, hamjui mmemwacha nani. Huenda ndiye Burton wenu.

La pili ni dada zetu. Msichana akipanda baiskeli mtaani, makonda anapiga mluzi, wazee wa kijiweni wanahoji kaptura. Akiwa peke yake anaweza kukata tamaa siku ya pili tu. Akiwa na watu kumi na wawili, mluzi wenyewe unakosa nguvu. Klabu kwa msichana ni ukuta.

La tatu ndilo zito zaidi, na hapa utani naweka kando. Barabara zetu zinaua. Lori halikuoni, daladala linakuona ila lina haraka, bodaboda inakuja upande usioutarajia. Na hata bila gari, mchezo wenyewe una hatari zake. Mwezi Agosti 2022 Afrika Mashariki ilimpoteza Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, aliyeanguka kwenye mbio huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33, mzoefu, mtu aliyewavuta vijana wengi. Kama aliyebobea anaweza kuondoka hivyo, mgeni asiyefundishwa na mtu je? Kwa hiyo ninaposema kijana ajiunge na klabu, sisemi kwa ajili ya medali tu. Nasema kwa sababu huko ndiko atakakofundishwa kuonyesha shimo, kuwasha taa, kuvaa kofia, na kutorudi nyumbani peke yake.

UKITAKA KUANZA, SIKILIZA

Najua wapo mliokwisha anza kutafuta baiskeli ya mjomba stoo. Safi sana. Nawapa machache.

Moja, usinunue kwanza. Azima. Mpelekee fundi aliyeko mtaani kwako akutazamie breki na matairi. Breki mbovu haina shujaa.

Mbili, waulize mafundi wa baiskeli. Fundi wa kweli anajua kila kikundi kinakutana wapi na saa ngapi, na atakuambia wapi watu wana roho nzuri na wapi ni maringo matupu.

Tatu, kikundi kipime kwa jambo moja tu: je, wanamsubiri wa mwisho? Kama wanasubiri, ingia. Kama hawasubiri, wape mkono wa heri.

Nne, ukiitwa kwenye mbio za kujipima, nenda hata kama hujawa tayari. Tayari haiji yenyewe. Weka muda wako kwenye karatasi, uubandike ukutani, mwezi ujao uushushe. Usishindane na jirani, shindana na hiyo karatasi.

Tano, na hili kwa wasomi hasa: ukifika, usijitambulishe kwa cheo. Sema jina, uliza maswali, pokea maelekezo. Aliyezunguka na spana miaka thelathini ana mengi ambayo hayamo kwenye kitabu chochote ulichosoma. Anna Kiesenhofer mwenyewe, baada ya dhahabu yake, aliwaonya vijana wasimwamini kila anayejidai kujua. Maneno mazuri. Ila ili umtambue anayejua kweli na anayejidai, lazima kwanza ukae nyuma ya mgongo wa watu kadhaa, uone nani anakukatia upepo na nani anakuachia.

Nimesema ya kwangu. Waliozoea kulala Jumapili hadi saa nne nao sina ugomvi nao, kitanda ni chao. Lakini ukikutana na kundi la baiskeli alfajiri, nawe uko kwenye gari, punguza mwendo, waachie nafasi. Na kama kule nyuma kabisa kuna mmoja anajikokota peke yake, huyo ndiye umwachie nafasi kubwa kuliko wote. Kuna watu wanamsubiri, na chai inapoa.

Mpaka wiki ijayo, wasalaam.